Kuhesabu marejeleo au kuyafuata: upimeje mchango wa utafiti wa afya?

Kati ya Septemba 2007 na Agosti 2008, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za Moshi, KCMC na Mawenzi. Wodini, 528 kati yao waliandikiwa kwamba wana malaria. Majibu ya maabara yalipokamilika, wale ambao homa yao kweli ilitokana na malaria walikuwa 14. Wengine walikutwa na bakteria kwenye damu, homa ya mgunda (leptospirosis), brusela, homa ya Q, chikungunya, magonjwa ambayo wakati ule ni wachache waliyafikiria walipomwona mgonjwa anatetemeka. Makala ilitoka mwaka 2013 katika jarida la PLoS Neglected Tropical Diseases, na mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuisoma bure.

Nimeanza na utafiti huu kwa sababu ni wa hapa nyumbani, na kwa sababu unafaa kujaribia swali ambalo sisi wakutubi wa vyuo vya afya tunaletewa kila msimu wa maombi ya ruzuku na wa kupanda vyeo: tutajuaje kama utafiti umeleta mchango? Zipo njia mbili zinazotegemea marejeleo, yaani pale makala nyingine inapoutaja utafiti wako kama chanzo. Ya kwanza ni kuhesabu: ni makala ngapi zimeurejelea, jarida lina namba gani, mwandishi ana namba gani. Ya pili ni kuyafuata: kufungua makala na miongozo iliyourejelea, kusoma sentensi yenyewe, na kuona umetumiwa kufanyia nini. Wengi huishia kwenye ya kwanza kwa kuwa inakwisha kabla chai haijapoa. Nitazilinganisha kwa haki niwezavyo, ila upande wangu sitauficha. Kwa utafiti wa afya, hasa uliofanyika huku kwetu, kuhesabu kunakuonyesha pa kuanzia, na jibu liko kwenye kufuata.

Namba zinafaa kwa nini

Wazo la faharasa ya marejeleo, yaani orodha ya makala ipi imerejelewa na zipi, lilitolewa na Mmarekani Eugene Garfield mwaka 1955 katika jarida la Science. Alitaka msomi aweze kujua nani ameipinga au kuirekebisha makala anayotaka kuitegemea, ili data za uongo, zenye mapengo au zilizopitwa na wakati zisiendelee kurudiwa bila mtu kuuliza. Faharasa yenyewe ilianza kutoka miaka ya 1960, na mrithi wake leo ni Web of Science ya kampuni ya Clarivate. Kwa maneno mengine, chombo hiki kilitungwa kwa ajili ya kufuata. Kupanga watu na majarida kwa madaraja kulikuja baadaye, namba zilipokwisha kurundikana.

Lakini sitaki kuzidharau namba. Idara yenye makala 300 haiwezi kuzisoma zote kabla ya kikao cha Ijumaa, na hesabu inaonyesha zipi zifunguliwe kwanza. Namba pia humkinga mtafiti kijana asiye na mtu wa kumshika mkono. Akiingia mbele ya kamati na kazi iliyorejelewa na wenzake wa Uganda, Malawi na Uingereza, ni vigumu mzee fulani kusema kwamba hajaisikia kwa hiyo haipo. Hilo ni jambo la haki, na nimeona linavyowasaidia watu.

Udhaifu wake ni kwamba rejeleo linahesabiwa moja, liwe limesifu, limepinga au limetajwa kupitia tu. Nitatoa mfano mmoja ambao kila anayehesabu marejeleo ya tiba angepaswa kuujua. Januari 1980, New England Journal of Medicine ilichapisha barua fupi ya sentensi tano kutoka Boston. Ilisema kwamba kati ya wagonjwa 11,882 waliopewa dawa kali za maumivu za jamii ya afyuni wakiwa hospitalini, walioonekana kupata uraibu walikuwa wanne. Basi. Barua haikuzungumzia mgonjwa anayepelekwa nyumbani na chupa ya vidonge vya miezi mitatu. Mwaka 2017 watafiti wa Kanada waliifuata barua hiyo na kuchapisha walichokiona katika jarida hilohilo. Ilikuwa imerejelewa mara 608. Karibu asilimia 72 ya walioirejelea waliitumia kama ushahidi kwamba uraibu ni nadra, na karibu asilimia 81 hawakutaja kwamba wagonjwa wale walikuwa wamelazwa. Amerika ya Kaskazini ilikuwa tayari inazika watu kwa maelfu kutokana na dawa hizo.

Kwa anayehesabu, barua hiyo ni mafanikio makubwa: sentensi tano, marejeleo 608. Kwa anayefuata, ni onyo. Mchango ulikuwepo kweli, tena mkubwa, lakini ulielekea upande wa madhara, na hakuna namba moja inayoweza kukuonyesha upande.

Ukiamua kuhesabu, uhesabie wapi?

Hapa ndipo watu wengi wanapotofautiana bure, kwa sababu kila mmoja ana namba yake na kila namba ni sahihi kwa kanzidata yake. Mwaka 2018 watafiti, wengi wao wa Uhispania, walichukua makala zaidi ya 2,000 zinazorejelewa sana na kulinganisha kanzidata tatu za marejeleo. Google Scholar ilipata kati ya asilimia 93 na 96 ya marejeleo yote, kutegemea uwanja. Scopus ilipata kati ya 35 na 77, na Web of Science kati ya 27 na 73. Tofauti hiyo haitokani na uzembe wa mtu. Web of Science na Scopus huchagua majarida ya kuingiza, na chuo hulipia kuzitumia kikamilifu. Google Scholar, iliyoanza Novemba 2004 mwaka uleule na Scopus, inazoa karibu kila kitu chenye sura ya kitaaluma mtandaoni: tasnifu, ripoti, machapisho yaliyowekwa kwenye hazina za vyuo, hata makala ya jarida dogo lisilojulikana nje ya nchi.

Kwa mtafiti wa Moshi au wa Tengeru, tofauti hiyo ni kubwa kuliko kwa mtafiti wa London. Kazi ya kuzuia maambukizi kwenye vidonda vya upasuaji inaweza kuwa imesomwa na wanafunzi wa shahada ya uzamili wa Muhimbili, Bugando na Dodoma, wakaitaja kwenye tasnifu zao na kwenye makala za majarida ya Tanzania. Ukiitafuta Scopus unaweza kukuta marejeleo machache, ukiitafuta Google Scholar ukakuta mengi zaidi. Haya ya pili ndiyo yanayoonyesha inakosomwa. Lakini Google Scholar nayo haikuambii inachota wapi, hurudia chapisho moja mara mbili, na haina kichujio cha kutenga majarida ya kilaghai yanayotoza fedha na kuchapisha chochote. Huwezi pia kupakua orodha nzima ya marejeleo kwa urahisi na kuifanyia hesabu zako.

Ndiyo maana siku hizi ninamwelekeza mtu kwanza kwenye OpenAlex. Ilianza Januari 2022, baada ya Microsoft kufunga kanzidata yake ya wasomi mwishoni mwa 2021, na inaendeshwa na shirika lisilo la faida. Ni bure, data zake unaweza kuzipakua, na mwenzako wa Arusha akitumia maswali uliyotumia wewe siku hiyohiyo atapata majibu yaleyale. Kwa chuo kisicho na bajeti ya kulipia kanzidata kubwa, hilo ni jambo la heshima. Bado ina makosa, hasa ya kuunganisha waandishi na taasisi zao, kwa hiyo usiinakili kama ilivyo. Kanzidata nyingine, Dimensions, nayo ina sehemu ya bure na inafaa pale unapotaka kuona makala pamoja na majaribio ya kitabibu. Sina mengi ya kuongeza juu yake.

Tatizo la majina nataka nilikalie kidogo, kwa sababu Kilimanjaro ni mahali pabaya sana pa kuitwa kwa herufi moja na jina la ukoo. Mushi, Massawe, Lyimo, Swai, Kimaro, Mosha, Shayo, Temu: idara moja tu inaweza kuwa na watu wawili au watatu wenye ukoo mmoja na herufi ileile ya mwanzo. Mashine inawaunganisha, au inamgawa mmoja vipande viwili baada ya kuolewa na kubadili jina. Mwaka 2012 ulianzishwa mfumo wa ORCID unaompa kila mtafiti namba yake ya kudumu, na kuipata ni bure. Kama wewe ni mtafiti na hujajiandikisha, hiyo ni kazi ya leo. Taasisi nazo zina shida hiyohiyo. Hospitali ya KCMC, chuo chake na taasisi yake ya utafiti, KCRI, zimeandikwa kwenye makala kwa njia nyingi: mara Centre kwa tahajia ya Kiingereza, mara Center ya Kimarekani, mara chini ya Chuo Kikuu cha Tumaini, mara kwa kifupi tu. Anayehesabu kwa jina moja anapoteza sehemu ya kazi bila kujua.

Namba ya jarida, namba ya mtu, namba ya makala

Impakti fakta ni namba ya jarida. Unachukua marejeleo ya mwaka huu kwa makala zilizotoka miaka miwili iliyopita, unagawanya kwa idadi ya makala hizo. Jarida lililochapisha makala 100 katika 2022 na 2023, zikarejelewa mara 300 mwaka 2024, lina 3. Ni wastani, na wastani huu hupandishwa na makala chache zinazorejelewa sana huku nyingi zikibaki chini yake. Kuipima kazi ya mtu kwa namba ya jarida ni kumpa sifa au lawama za majirani zake. Azimio la DORA, lililoanzia San Francisco Desemba 2012, lilitaka taasisi ziache kutumia namba hiyo kumwajiri, kumpandisha cheo au kumfadhili mtu. Nakubaliana nalo moja kwa moja, na ningependa kamati zetu zilichukulie kwa uzito. Jihadhari pia na tovuti zinazouza vipimo vya kubuni vyenye majina yanayofanana na hiki. Majarida ya kilaghai huvibandika kwenye ukurasa wa mbele.

h-indeksi ni namba ya mtu. Ilipendekezwa mwaka 2005 na Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Panga makala zako kuanzia iliyorejelewa zaidi: 40, 12, 6, 4, 1. Makala nne zimerejelewa angalau mara nne kila moja, kwa hiyo h yako ni 4. Mwenye makala tatu zilizorejelewa mara 900, 3 na 2 ana h ya 2, hata kama ile ya 900 ndiyo iliyobadilisha namna kifafa cha mimba kinavyotibiwa. Na h haishuki kamwe, kwa hiyo inampendelea aliyekaa muda mrefu. Mama aliyekatisha utafiti miaka minne kulea hana pa kuionyesha sababu hiyo ndani ya tarakimu.

Kwa tafiti za afya kuna jambo jingine zito zaidi, nalo ni orodha za waandishi. Makala za Global Burden of Disease, mradi wa kukadiria mzigo wa magonjwa duniani, zinazotoka The Lancet huwa na waandishi mamia na hurejelewa mno. Mtu aliyechangia data za mkoa mmoja anapata rejeleo sawa na aliyeongoza kazi yote. Upande wa pili, tafiti nyingi za Moshi zimefanywa kwa ushirikiano na vyuo vya Marekani na Ulaya. Anayeomba ridhaa ya mgonjwa kwa Kiswahili saa nane usiku, anayechota damu na kufuatilia familia hadi Rombo, mara nyingi jina lake liko katikati ya orodha, na mara nyingine halipo kabisa. Ukitumia h peke yake unamlipa aliye karibu na kompyuta kuliko aliye karibu na mgonjwa.

Kati ya vipimo vya namba ninachokiona cha haki zaidi ni RCR (Relative Citation Ratio), kilichotengenezwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, NIH, na kinapatikana bure kwenye tovuti yao ya iCite. Hiki ni kipimo cha makala moja moja. Kinailinganisha na makala za uwanja wake, na uwanja huo hutambuliwa kwa kuangalia makala ambazo hurejelewa pamoja nayo. RCR ya 1.0 maana yake makala yako iko sawa na ile iliyo katikati kabisa ya makala zilizofadhiliwa na NIH. Faida yake ni kwamba mtafiti wa uuguzi halinganishwi tena na wa vinasaba, ambaye uwanja wake una makala nyingi zenye orodha ndefu za marejeleo. iCite pia inaonyesha kama makala imerejelewa na majaribio ya kitabibu au miongozo ya tiba, taarifa yenye thamani kuliko jumla yote. Kasoro mbili: inaona yaliyomo PubMed tu, kanzidata ya Marekani ya makala za tiba, na kigezo chake ni utafiti unaolipiwa na Marekani. Makala ya lishe ya watoto wa Longido kupata 0.8 kwa mizani hiyo si jambo la kuonea haya.

Kufuata: kazi yenyewe ikoje

Watu hudhani kufuata marejeleo ni kusoma kila kitu. Hapana. Chukua makala yako, chota ishirini kati ya zilizoirejelea. Usichukue ishirini za juu tu, kwa sababu hizo ni zile maarufu. Anza na mapitio ya kimfumo (makala zinazokusanya na kupima tafiti zote za swali moja) na miongozo yote unayoiona, ongeza za Tanzania na majirani, kisha chache bila kuchagua. Fungua kila moja, tafuta jina lako au namba ya rejeleo, soma aya nzima. Halafu jiulize: wametumia matokeo yangu kufanya uamuzi, wametumia mbinu yangu, wamenipinga, au wamenitaja kwenye utangulizi kwa sentensi ya jumla pamoja na wengine saba? Utashangaa jinsi hili la mwisho linavyokuwa fungu kubwa. Usikate tamaa. Ndivyo uandishi wa kitaaluma ulivyo, na fungu dogo linalobaki ndilo linalosema.

Tujaribu na homa zetu za Moshi. Kabla ya ule utafiti wa 2013 kulikuwa na mwingine, uliochapishwa BMJ mwaka 2004, katika hospitali kumi za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Wagonjwa 4,474 walitibiwa kama wenye malaria kali. Waliokutwa na vimelea kwenye damu walikuwa 2,062, yaani asilimia 46.1. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilitoa toleo jipya la mwongozo wa malaria likipendekeza kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza, ama kwa hadubini ama kwa kipimo cha haraka. Leo mama akifika zahanati ya Kibosho na mtoto mwenye homa anatarajia mtoto achomwe kidoleni kabla ya kupewa dawa, na wengi hawakumbuki kwamba zamani dawa ndiyo ilitangulia.

Je, makala ile ya 2004 ndiyo iliyoleta hayo? Kusema hivyo ni kujipa zaidi ya haki. Vipimo vya haraka vilikuwa vimeboreka, dawa mseto zilikuwa ghali kuliko klorokwini, na ushahidi ulitoka nchi nyingi. Anayefuata marejeleo anaweza kusema kwa uaminifu kwamba kazi ya huku ilikuwa sehemu ya ushahidi uliolifanya tatizo lionekane, kisha aonyeshe ni nani aliutumia na kwa hoja gani. Na ule wa 2013 unaendeleza swali: kama si malaria, ni nini? Humo ndimo thamani yake ilipo, na utaiona kwa kufungua makala za homa ya mgunda na brusela zilizokuja baadaye na kusoma kwa nini waandishi wake waliamua kuyatafuta magonjwa hayo.

Gharama yake ni muda. Makala moja inakula jioni mbili hivi kwa mtu aliyezoea, na zaidi kwa anayeanza. Makala nyingine zimefungwa. Kabla ya kukata tamaa muulize mkutubi wako kuhusu Hinari, mpango ulioanza 2002 chini ya Shirika la Afya Duniani, unaozifungulia taasisi za nchi kama yetu maelfu ya majarida. Na kuna ukuta mmoja ambao hata mvumilivu anaugonga: miongozo ya kitaifa mara nyingi haina orodha kamili ya marejeleo. Utafiti unaweza kuwa umejadiliwa kwa saa mbili kwenye kikao cha wizara, ukabadilisha dozi au kipimo, na usitajwe popote. Hapo lazima upige simu, umpate aliyekuwa kwenye kikao, uombe muhtasari.

Wapo wanaotaka njia ya katikati, mashine iwafuatie. Overton inakusanya nyaraka za sera kutoka serikali na mashirika duniani na kuonyesha zinarejelea makala zipi. Ni nzuri kwa nyaraka za Geneva au London, na inategemea waraka uwe mtandaoni na uwe na marejeleo, kwa hiyo ukuta nilioutaja haivuki. Altmetric inahesabu kutajwa kwenye magazeti, mitandao ya kijamii, Wikipedia na nyaraka za sera. Tazama mizani yake ya kawaida: habari ya gazeti ina uzito wa 8, waraka wa sera una 3. Kwa mtu wa afya mizani hiyo imegeuzwa juu chini. Itumie kujua nani anaizungumzia kazi yako, na ile namba yao ya jumla iache.

Vitu ambavyo njia zote mbili hazivioni

Miteremko ya Mlima Meru ina maji yenye floraidi nyingi, na Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kwa wakazi wa huko, meno yenye madoa ya kahawia na mifupa iliyopinda si habari ya kwenye vitabu. Utafiti wa kuondoa floraidi kwa mkaa wa mifupa, uliofanyika miaka mingi Ngurdoto, una wasomaji wachache duniani kwa sababu tatizo lenyewe liko kwenye maeneo machache. Hesabu itaupa namba ndogo. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Tengeru, alitengeneza chujio la maji lililompa mwaka 2015 tuzo ya kwanza ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi kutoka Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Aliyekunywa maji hayo hataandika makala ya kumrejelea. Manifesto ya Leiden ya 2015, yenye kanuni kumi za kutumia vipimo hivi, ina kanuni inayotaka ubora wa utafiti unaohusu mahali ulindwe. Ningependa kanuni hiyo ibandikwe kwenye ukuta wa kila ofisi ya utafiti kaskazini.

Daktari mmoja aliniambia hivi karibuni, "Dada, wauguzi wa wilaya nzima wanatumia fomu niliyoitoa kwenye utafiti ule, lakini h yangu haijasogea hata moja." Nikamwambia tuitafute fomu. Picha ya fomu iliyojazwa na kufichwa majina, barua ya Mganga Mkuu wa Wilaya, na idadi ya vituo vinavyoitumia ni ushahidi ambao kamati yenye akili haiwezi kuurudisha.

Basi uchague ipi

Kama wewe ni mwanafunzi wa uzamili unayetafuta makala za kuzitegemea, fuata. Hesabu haitakuambia kama makala imebatilishwa au imepingwa. Tafuta makala yako kwenye orodha ya Retraction Watch ya makala zilizobatilishwa, ambayo tangu 2023 iko wazi kwa wote kupitia Crossref, shirika linalosajili namba za utambulisho za makala, kisha usome angalau makala tatu zilizoirejelea karibuni.

Kama unaomba ruzuku, changanya, lakini mpe mfadhili kufuata zaidi ya kuhesabu. Mstari mmoja wa namba, RCR ukiweza, ukifuatiwa na aya inayosema ni mwongozo gani au jaribio gani lilitumia matokeo yako na kwa hoja ipi. Makala ambayo haijafikisha miaka miwili usiihesabu kabisa, maana walioisoma bado wanaandika.

Kama uko kwenye kamati ya vyeo, achana na impakti fakta. Mwombe kila mwombaji achague makala zake tatu tu na aandike nusu ukurasa kwa kila moja, akieleza alichofanya yeye mwenyewe na kazi ilifika wapi. Hizo mtaweza kuzisoma kweli. Namba kutoka OpenAlex ziwe kando, zikiwa na marejeleo ya mtu kujirejelea yameondolewa.

Kama wewe ni mkuu wa idara mwenye makala mamia na mfadhili anataka picha nzima, hesabu bila aibu, ukianza kwa kusafisha majina ya watu na ya taasisi. Halafu chagua tano za kufuata, mojawapo iwe yenye marejeleo machache ambayo wauguzi wenyewe wanaisema ina maana.

Na kama wewe ni mganga wa wilaya, Hai, Siha, Arumeru au popote, unayeamua ushahidi upi uubadilishe utaratibu wa vituo vyako, namba za mwandishi hazikuhusu. Angalia kama wagonjwa waliochunguzwa wanafanana na wako, kama kuna mapitio ya kimfumo yaliyoipima kazi hiyo, na kama vipimo vilivyotumika vinapatikana kwenye maabara yako.

Yeyote uliye, andika kando ya kila namba jina la kanzidata na tarehe uliyoitafuta. Mwaka ujao mtu mwingine atairudia hesabu hiyo, na bila vitu hivyo viwili hatajua kama kilichobadilika ni utafiti au ni chombo.